Ovaroli Chini ya Baibui

Siku ya kuniaga, wenzangu wa karakana walinipa saa ya ukutani, doti mbili za khanga na keki yenye umbo la ndege, bawa moja limeinama. Wakaniomba niseme neno kwa vijana. Nikasimama, nikasema asanteni, nikaketi. Wengine walidhani nimezidiwa na furaha. Ukweli ni kwamba neno nililokuwa nalo halikufaa kusemwa mbele ya keki. Nimeliandika hapa nyumbani kwa ajili yenu mnaoanza kazi, hasa nyinyi mabinti mnaopewa ovaroli na buti siku ya kwanza kisha mnalalamika kwamba rangi yake haipendezi.

Vyeo sitavitaja. Vimeandikwa mahali pake na aliyevitaka alishavisoma.

Mimi ni Tatu binti Salum, mzaliwa wa Ng'ambo, Tabora. Baba alikuwa fundi wa ngozi, na baraza yake ilikuwa karibu na soko. Alishona makubazi, mikoba, mikanda na matandiko ya punda. Babu yake alikuwa akishona viriba na mikanda ya mizigo ya wapagazi enzi za misafara, na baba hakupenda tulisahau hilo. Alikuwa mtu wa safu ya mbele msikitini, mwenye maneno machache. Watu walimwachia vitu vyao bila kuulizana vitarudi lini. Heshima ndiyo iliyokuwa mali yetu, maana mali nyingine hatukuwa nayo.

Nilipomaliza darasa la nane sikuchaguliwa kuendelea, nikawa nakaa barazani namsaidia baba kutoboa ngozi. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya Ujamaa, redio inahimiza kujitegemea asubuhi na jioni. Siku moja akaja Bwana Kanti, mwenye gereji ya malori, Mhindi mzaliwa wa Tabora aliyekizungumza Kiswahili kama sisi.

"Mzee Salum, nataka ngozi laini ya mbuzi," alisema. "Vipande vyenye umbo la jani, vyembamba, vyenye tundu katikati."

"Vya nini?"

"Vya ndege."

Baba akaacha kushona. "Ndege gani huyo anayevaa ngozi, Bwana Kanti?"

Bwana Kanti akacheka mpaka akaegemea nguzo. Kisha akaeleza. Alikuwa anaunda ndege, yenye injini na viti viwili, ndani ya ghala moja la zamani la nta nyuma ya gereji yake. Michoro aliletewa kwa posta. Kuruka alijifunza kabla ya uhuru. Mkoa ulimruhusu aendelee baada ya kuahidi kwamba ndege itapeleka dawa na kuchukua wagonjwa sehemu ambazo masika hukata barabara. Mgonjwa mmoja mmoja, tena awe mwembamba.

Baba alikata zile ngozi, na mimi nikatumwa kwenda kuzishona, kwa sharti kwamba mke wa Bwana Kanti, Mama Hansa, awepo muda wote. Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi hii. Sikuchagua. Nilipelekwa na sindano.

Ndani ya ghala kulinukia asali na rangi ya kukazia kitambaa. Ndege ilikuwa mifupa ya mabomba ya chuma, nusu imevikwa kitambaa, nusu uchi. Mahali ambapo nyaya za chuma zinatoka ndani kwenda nje, ngozi yangu ilitakiwa kushonwa juu ya kitambaa ili waya usikate kitambaa na kitambaa kisiusugue waya. Nilishona. Bwana Kanti aliinama akatazama mishono, kisha akatazama mabega yangu.

"Binti, unaweza kuingia kule mkiani?"

Nyuma ya viti palikuwa na nafasi inayopungua kuelekea mkia. Bwana Kanti alikuwa na tumbo. Shemeji yake, aliyekuwa akimsaidia, naye alikuwa na tumbo. Nikaingia na gauni langu, nikalala juu ya ubao, nikaanza kuupitisha waya alionielekeza. Katikati ya kazi gauni likaingia kwenye kapi, kile kigurudumu ambacho waya hupita juu yake, na kunasa. Nilivuta, likakaza. Ikabidi Mama Hansa aingize mkono na mkasi, alikate gauni mpaka juu ya goti, huku wanaume wamegeuka ukutani na mmoja wao anakohoa kicheko. Nilitoka nimejifunika turubai. Nilitaka nife.

Kesho yake Mama Hansa alinishonea ovaroli ya khaki. Nilimwambia baba. Sikumficha, kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kumficha kitu. Aliuliza swali moja tu.

"Watu wanaiona?"

"Hapana, baba. Naivaa chini ya baibui. Na ndani ya ghala Mama Hansa ametundika shuka."

"Basi," alisema, akaendelea kushona.

Sasa kazi yenyewe, maana najua ndiyo mnayoitaka. Bwana Kanti hakuwa na subira na malori, lakini kwa nyaya alikuwa mtu mwingine. Alinifundisha kwamba waya wa usukani hupita njia iliyonyooka kuliko zote, na pale unapolazimika kupinda, upinde juu ya kapi, na kapi lielekee kule waya unakovuta, lisikae upande. Kila kapi liwe na kizuizi ili waya ukilegea usiruke nje. Mahali unapopita kwenye fremu, uwekewe kipitishio cha ubao mgumu. Chuma kisiguse chuma. Uwe mbali na betri, kwa sababu tindikali hula waya kimyakimya, na mbali na bomba la moshi. Ukimaliza, chukua kitambaa kikavu ukipitishe waya wote. Uzi mmoja ukiwa umekatika, kitambaa kitanasa kabla jicho halijaona. Ndipo uite mtu wa mbele avute usukani, nawe utazame bapa la mkia linakwenda upande gani. Usikubali kuambiwa. Tazama.

Na kitu cha mwisho ni skrubu ya kukazia, ile inayounganisha ncha mbili za waya. Ukiizungusha, waya unakaza. Mtetemeko wa injini nao huizungusha, ila kwa kuilegeza. Kwa hiyo lazima ifungwe kwa waya mwembamba, ipitishwe tunduni na kuviringishwa. "Skrubu isiyofungwa," Bwana Kanti alisema, "ni skrubu iliyo njiani kutoka." Hiyo nimeisema karakanani maisha yangu yote, na wengi wenu mmedhani ni yangu.

Ndege ilipokamilika ilivutwa kwa lori mpaka uwanjani, mabawa yamelazwa kando, ikaunganishwa upya chini ya banda. Akaja mkaguzi kutoka Dar es Salaam, mtu mrefu wa suti ya Kaunda. Alipapasa kila kitu. Jioni ya kuamkia siku ya kuruka, akasema waya wa kunyanyua pua umelegea, ukazwe. Nikaingia, nikazikaza skrubu zote tatu. Mbili zilizo karibu na viti nikazifunga. Ya tatu, iliyojificha nyuma ya fremu, sikuifunga, maana ule waya mwembamba uliniishia mkononi.

"Njoo asubuhi mapema kabla ya wageni," Bwana Kanti aliniambia. "Nitakuwa na waya mwingine."

Siku hizo palikuwa na amri ya mavazi ya heshima. Vijana walifanya doria mitaani kutazama nani amevaa sketi fupi au suruali ya kubana. Mimi na baibui langu sikuwa na hofu nao. Asubuhi ile nilitoka Ng'ambo nikakata njia ya sokoni. Palikuwa na mtaro wa maji. Nilipoinua baibui niuruke, mguu wa ovaroli ukaonekana.

"Wewe! Simama!"

Alikuwa Hamza, mtoto wa jirani yetu. Tulisoma juzuu pamoja, mkeka mmoja.

"Hiyo chini ni nini?"

"Ovaroli ya kazi."

"Kazi gani ya msichana?"

"Ya ndege, Hamza. Nachelewa, tafadhali."

Wenzake wakacheka. "Vua baibui tuone."

"Hamza, unanijua mimi."

"Kazini hakuna kujuana," alisema.

Wakalivuta. Lilitoka kichwani na ushungi wake, likaanguka vumbini. Wakanisimamisha juu ya kreti la soda ili soko zima lione. Ovaroli haikuwa ya kubana, iliniwia pana kama gunia, lakini nani alikuwa anapima? Mama mmoja muuza karanga alifunika mdomo kwa khanga. Mwanamume mmoja akauliza kwa sauti kama mimi ni mume au mke. Sikulia. Nilitazama paa la duka lililokuwa mbele yangu, nikawa nahesabu misumari ya bati, kila mara napotea, naanza upya.

Mtu alikwenda kumwita baba. Baraza haikuwa mbali. Akaja na msharasi, sindano yake ya kushonea ngozi, bado uko mkononi.

"Shikamoo, Mzee Salum," Hamza alimwamkia kwa adabu zote. "Huyu ni wa kwako?"

"Marahaba. Ni wa kwangu."

Baba aliinama, akaliokota baibui, akalikung'uta vumbi taratibu kana kwamba yuko peke yake sokoni, akanipa. "Twende," alisema.

Alitangulia mbele na mimi nyuma. Watu aliozoea kusimama kuwaamkia, siku ile aliwapita anatazama chini. Tulipofika nyumbani aliniambia niketi. Mama alitoka jikoni, akanitazama, akarudi jikoni bila kuuliza. Habari zilikuwa zimeshatutangulia.

"Baba," nilisema, "waya wa mkia sijaufunga."

"Nyamaza, Tatu."

"Skrubu moja iko wazi. Injini ikinguruma itajifungua. Waya ukiachia akiwa juu, hawezi kuinua pua. Ataanguka."

"Yeye hajui?"

"Anajua. Lakini wageni wamejaa, na shemeji yake akichungulia ataona zile mbili zilizofungwa, atamwambia tayari."

"Hakuna mwingine wa kuifunga?"

"Hakuna mwingine anayeingia kule, baba."

Nilimwona anatazama mlango, na nikajua anachokitazama: kutoka kwetu kwenda uwanjani, njia ni ileile ya sokoni. Kisha akainuka, akaenda kwa jirani. Jirani huyo alikuwa baba yake Hamza. Akaazima baiskeli.

Nilikaa nyuma, kwenye keria. Ukikaa hivyo baibui halishuki mpaka chini, na miguu ya ovaroli ilionekana njia nzima. Baba alikuwa amevaa kanzu, ameikunja kiunoni, anaendesha kwa nguvu. Tulipopita sokoni mtu alipiga mluzi. Mgongo wa baba ulikakamaa, lakini hakuongeza kasi wala hakupunguza.

Tulipofika uwanjani injini ilikuwa imeshawashwa. Wageni wa mkoa walikuwa kwenye viti, wanafunzi wamepangwa, kina mama wa ngoma wako tayari. Baba aliitupa baiskeli, akakimbia, akasimama mbele ya ndege amenyoosha mikono. Upepo wa panga la injini ukampeperushia kofia. Sijawahi kumwona baba kichwa wazi mbele za watu, si kabla wala baada.

Bwana Kanti akazima injini. Mkaguzi akaja mbio. "Nani huyu mzee? Mnataka kuua mtu?"

"Binti yangu anasema bado," baba alijibu.

"Bado nini? Nimemulika kwa tochi mwenyewe. Zimefungwa."

"Ya tatu," nilisema. "Ile ya nyuma ya fremu."

Bwana Kanti alikuwa amefungua mlango. Alinitazama na nikaona anakumbuka. Uso wake ukawa wa majivu. "Ni kweli," alisema. "Nilimwambia aje asubuhi. Nimeambiwa tayari, nikapanda."

Mkaguzi akageuka kwangu. "Basi ingia uifunge."

Hapo hapakuwa na shuka la Mama Hansa. Palikuwa na uwanja mzima. Na kando ya viti vya wageni, Hamza na wenzake wa doria walikuwa wamekuja kulinda utaratibu. Asubuhi walinivua wao. Mchana nikajivua mwenyewe, na nawaambia kweli, mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Nilimpa baba lile baibui. Alilikunja akaliweka juu ya mkono wake, kama mtu aliyeshikishwa nguo za mgonjwa hospitalini Kitete.

Nikapanda, nikapita nyuma ya viti, nikalala juu ya ubao. Miguu yangu ilibaki inaonekana mlangoni. Nilisikia kicheko kikianza kwa wanafunzi, kikaenda kwa wakubwa. Mwalimu alikemea, na yeye mwenyewe sauti yake ilikuwa na kicheko.

Ndani kulikuwa na joto la tanuri. Nilipapasa mpaka nikaifikia. Ile injini ilikuwa imenguruma muda mfupi tu, na tayari nyuzi za skrubu, ile mikato yake ya duara, zilikuwa zimeanza kuonekana nje ya mdomo wake, nyuzi ambazo jana jioni nilizificha zote. Nikaikaza upya. Nikapitisha waya mwembamba, nikauviringisha, nikakata ncha na kuikunja ndani isimchome atakayekuja baada yangu. Nikapitisha kitambaa. Machozi yalikuwa yananidondoka puani, nikayafuta kwa kitambaa hichohicho chenye grisi.

"Vuta!" nilipaza sauti. Bwana Kanti akavuta. "Sukuma!" Akasukuma. Waya ulikwenda na kurudi kama ulivyotakiwa.

Nilipotoka uso ulikuwa mweusi kwa grisi, wakacheka tena.

Ndege iliruka. Ilizunguka juu ya njia ya reli na mapaa ya mji, ikarudi, ikatua kwa mdundo mmoja tu. Watu walimbeba Bwana Kanti juu juu. Mgeni rasmi alihutubia kuhusu kujitegemea na akataja mchango wa "kijana mmoja wa hapahapa Tabora." Kwa lugha yetu neno hilo halisemi kama ni mume au mke. Nilishukuru.

Kurudi hatukupanda baiskeli. Baba aliikokota, nami nikatembea upande wa pili. Tulipokaribia nyumbani nilisema, "Baba, nimekuaibisha."

Nilitegemea aseme hapana. Baba wengine wangesema hapana.

"Ndiyo," alisema. "Umeniaibisha. Na yule mtu yu hai. Yote mawili ni kweli, sijui niyaweke wapi."

Hatukuyazungumza tena maisha yake yote.

Posa niliyokuwa nimeletewa kutoka mtaa wa Gongoni ilivunjwa kupitia shangazi, kwa ujumbe kwamba hawatafuti mke wa suruali. Msikitini hakuna aliyemwambia baba neno, lakini Ijumaa iliyofuata alisali safu ya nyuma, na huko akabaki. Hamza alikua, akaoa, akawa mtu mwema kabisa. Alikuwa akinijulia hali kila nilipokwenda likizo. Nadhani alisahau. Wanaotufanyia hivyo husahau.

Ndege ile ilifanya kazi ya dawa masika kadhaa. Ilimchukua mama mmoja wa Goweko aliyeshindwa kujifungua, akapona, na mtoto akapona. Kisha Bwana Kanti akauza gereji, akahama nchi na familia yake. Kabla ya kuondoka alinisemea kwa watu aliowafahamu kwenye karakana ya ndege Dar es Salaam, na wakanipokea. Mama Hansa alinikumbatia stesheni, akaniambia nisirudi kuvaa gauni ndani ya mkia. Sikurudi.

Mengine mnayajua, kwa sababu mlikuwepo. Mnajua nilivyokataa kusaini ndege ya abiria kwa sababu ya kibanio kimoja cha plastiki kilichogusa waya, mkasema bibi ana wazimu, mpaka kitambaa kiliponasa. Mnajua pia kwamba kila nilipotaka kuingia mkiani niliwafukuza wote kutoka nyuma ya ndege. Mlidhani ni maringo ya fundi mkuu. Hayakuwa maringo. Zaidi ya miaka thelathini, kila nikilala juu ya ubao, nasikia wanafunzi wanacheka, na navuta miguu ndani.

Baba hakuja Dar es Salaam hata mara moja. Nilipokwenda likizo aliniuliza kama nakula vizuri, kama naswali, kama nyumba inavuja. Kazi hakuiuliza. Nilijiambia amezeeka, hajali tena.

Alipofariki nilikwenda kwa treni. Siku ya tatu ya matanga, nikiwa nimeketi mkekani na wanawake, Bi Mgeni alisogea karibu yangu. Alikuwa amehamia mtaani kwetu mimi nikiwa nimeshaondoka, na baba ndiye aliyekuwa akimtengenezea viatu.

"Wewe ndiye Tatu?" alisema. "Mashallah. Marehemu alikuwa akikutaja kila siku. 'Tatu wangu yuko Dar, fundi cherehani, anawashonea wake za wakubwa.' Tulikuwa tunatamani tukuone."

Wanawake wengine waliitikia. Wote walikuwa wanalijua hilo. Waliokuwepo sokoni siku ile walikuwa wamekufa au walikuwa wanatazama mkeka.

Nilijaribu kufungua mdomo niseme mimi ni fundi wa ndege. Nilikuwa na kitambulisho chenye picha yangu ndani ya mkoba. Lakini yule mzee alikuwa amelala kaburini siku tatu tu, na hilo lilikuwa neno lake.

"Mwanangu," Bi Mgeni alisema, "nakuomba, uniletee gauni la Idi. Kwa mkono wako."

"Simama nikupime, bibi," nilimwambia.

Nikachomoa uzi kwenye pindo la khanga yangu, nikampima mabega, kifua na urefu, nikifunga fundo kila kipimo kama fundi wa kweli. Niliporudi Dar es Salaam nilinunua kitambaa kizuri, nikampa jirani yangu mwenye cherehani, nikalituma gauni kwa treni.

Majibu yalikuja na mtu wa Tabora. Bi Mgeni anashukuru sana, gauni ni zuri na kila mtu amelisifu, ila makwapani linambana.

Nikamtuma amwambie alirudishe, nitalipanua.